Kwa dada anayehofia kona za Mombo–Lushoto

Pole dada, hofu yako naielewa. Umeuliza kama kigari chako cha otomatiki kitakufikisha Lushoto na mama mwezi wa nne. Kitapanda. Ni lami, kama kilomita 33 kutoka Mombo, unapita Soni. Kinachotaka akili ni kushuka.

Mara yangu ya kwanza nilishuka kwa mguu wa breki mwanzo mwisho. Kabla ya kufika Mombo nikasikia harufu ya kuungua, pedali ikawa laini, inazama. Nilisimama pembeni, nikaweka jiwe mbele ya tairi, nikasubiri karibu saa nzima breki zipoe. Kwa hiyo ukianza kuteremka weka gia ya chini, L au 2, injini ilizuie gari. Breki bonyeza, achia. Nyutro usiguse kabisa.

Barabara ni nyembamba, huku mwamba, huku korongo. Kwenye kona usiyoona mbele piga honi, ubaki kushoto kwako. Ukikutana na basi au lori la mboga, lipishe; lenyewe linahitaji nafasi kubwa kukata kona.

Hiyo Aprili ndiyo inanitia wasiwasi zaidi, maana masika huleta mawe na udongo barabarani. Toka Dar alfajiri upande mchana. Ukikuta mvua kubwa, lala Mombo, mama atakuelewa.

Kabla ya safari fundi afungue tairi zote, akague pedi na oili ya breki. Akikwambia pedi zimeisha, badilisha kwanza. Na mama akae mbele, kona zinachafua moyo.