Vifurushi vinapotea getini: tuwaambie nini polisi, na sanduku la chuma litasaidia?

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni mkazi wa Goba, nauza vitenge na vyombo vya jikoni kwa simu. Mtaani kwetu vifurushi vinapotea sana. Jirani alitumiwa simu mpya kutoka Kariakoo, bodaboda hakufika na namba yake haipatikani. Mwingine mzigo wake wa basi kutoka Mbeya ulichukuliwa pale Mbezi na mtu aliyetaja jina lake na namba yake ya simu. Kwangu alikuja kijana mchana, akamwambia dada wa kazi kwamba nimemtuma achukue boksi la mteja, akapewa. Gari la polisi tunaliona likipita doria lakini wizi hauishi. Wengine wanashauri kila nyumba iweke sanduku la chuma getini na kamera. Vitasaidia? Na polisi tuwaambie nini ili walishughulikie jambo hili?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa hasara. Nilifanya kazi ya upelelezi katika vituo vya Dar es Salaam mpaka nilipostaafu, na sasa nazishauri kamati za ulinzi za mitaa. Barua yako imenigusa, maana wanaoibiwa namna hii mara nyingi ni wenye mtaji mdogo. Boksi moja likiondoka, faida ya mwezi mzima imeondoka nalo.

Doria mnayoiona ina kazi yake. Inamsumbua mvunja nyumba, anayehitaji giza na nafasi ya kuruka ukuta. Mwizi wa vifurushi hahitaji giza. Anakuja saa tano asubuhi, kavaa helmeti na kizibao cha kung'aa, anapiga hodi kwa adabu na kutaja jina la mwenye nyumba. Askari akipita wakati huo anamwona mtu anayefanya kazi yake. Kwa hiyo msipime juhudi za polisi kwa idadi ya mara gari linapopita. Wizi wa aina hii unakamatwa kwa karatasi na namba, na karatasi hizo zinaanzia kwenu.

Angalia matukio yako yote matatu. Hakuna kufuli lililovunjwa. Kila mzigo ulitolewa kwa hiari na mtu aliyekuwa ameushika, kumpa mtu asiyestahili. Wizi unatokea kwenye makabidhiano, pale mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila kuandikwa nani katoa, nani kapokea, saa ngapi. Ziba hapo.

Tuanze na kituo, maana ndipo wengi wanapokosea. Mtu akiibiwa kifurushi anakwenda kituoni anasema, "Mzigo wangu umepotea." Askari wa zamu akisikia "umepotea" anaweza kumwelekeza achukue taarifa ya upotevu, ile losi ripoti tunayoombea kitambulisho kilichodondoka au laini ya simu. Taarifa hiyo haina mpelelezi. Ni uthibitisho tu kwamba umesema kitu chako hukioni, na inaishia hapo. Wewe sema tangu mwanzo: nimeibiwa, na huyu ndiye wa mwisho kushika mzigo. Hapo unaandikiwa RB, namba yenye herufi za kituo, namba ya taarifa na mwaka. Iandike kwenye simu yako kabla hujatoka mlangoni, na uulize jina la mpelelezi atakayepewa jalada. Kufungua taarifa ya wizi hakulipiwi.

Kikwazo cha pili kituoni ni maneno haya: "Si ulimpa mwenyewe? Hayo ni madai, kamalizaneni." Jirani yako aliyetumiwa simu huenda akayasikia. Asirudi nyumbani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la wizi wa wakala, kifungu cha 273, yaani mtu kukabidhiwa mali aipeleke mahali kisha akaifanya yake. Bodaboda aliyepewa simu Kariakoo aifikishe Goba akatokomea nayo anaangukia hapo. Kwamba alipewa kwa hiari hakumwokoi, na sheria inalichukulia kosa hilo kwa uzito kuliko wizi wa kawaida wa kifungu cha 265, ambao kikomo chake ni miaka 7 jela. Huna haja ya kubishana vifungu na askari. Eleza tu kwa utulivu kwamba mali ilikabidhiwa kwa kazi maalum na haikufika, na uombe maelezo yako yaandikwe hivyo hivyo.

Kinachompa mpelelezi pa kushika ni vitu vichache. Namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC. Namba ya simu ya dereva, hata kama haipatikani tena, kwa sababu laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na kampuni ya simu ikiombwa na polisi kwa utaratibu inatoa taarifa za mwenye laini. Kijiwe anachoegesha. Muamala wa nauli, kwa kuwa ujumbe wa malipo unaonyesha jina. Na kama mali ni simu, IMEI yake, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo moja tu, iliyoandikwa ubavuni mwa boksi lake. Kabla simu haijaondoka dukani, muuzaji aipige picha sehemu hiyo ya boksi akutumie. Ni jambo la dakika moja, na bila namba hiyo simu yako haina tofauti na nyingine elfu za aina ile ile zilizoko Kariakoo.

Sasa mtaa. Tukio moja moja halioneshi kitu. Yakikaa pamoja yanaanza kusema. Kila kata sasa inapaswa kuwa na polisi kata, mkaguzi ambaye kazi yake ni kuwajua wakazi na shida zao. Mtafuteni wa kwenu kupitia mtendaji wa mtaa au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mumwombe kikao. Msiende kulalamika kwamba wizi umezidi, hilo analisikia kila siku. Pelekeni ukurasa mmoja wenye mistari: tarehe, saa, nyumba, kilichoibwa, nani alikikabidhi, mtu alivyojitambulisha, namba ya RB. Mkiandika hivyo mnaweza kugundua, kwa mfano, kwamba matukio mengi ni kati ya saa nne na saa saba mchana, siku za kazi, kwenye nyumba ambazo mwenyewe ametoka na kaacha msichana peke yake. Au kwamba mtu yule yule ametaja majina ya wateja wa duka moja. Hapo mkaguzi ana la kufanya: kuzungumza na viongozi wa vijiwe, kupita kwenye meza za simu za mkononi zilizotumika, kuwapangia vijana wa ulinzi shirikishi zamu ya mchana. Mitaa mingi inachangisha hela ya ulinzi halafu walinzi wote wanawekwa usiku, wakati vifurushi vinaibwa jua likiwa utosini. Badilisheni zamu.

Jalada likikaa bila mwelekeo, nenda kwa mkuu wa kituo, yule mnayemwita OCS, ukiwa na RB mkononi. Asipokusaidia, kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Hiyo ni ngazi ya kawaida, wala si kumshtaki askari.

Kuhusu sanduku la chuma, nitakuwa mkweli: kwa matukio matatu uliyonieleza, lisingezuia hata moja. Na kwa barua za posta halina kazi kubwa, kwa sababu barua zetu nyingi zinaishia kwenye S.L.P., haziletwi mlangoni. Lina faida pale tu unapopokea vitu vidogo vidogo mara kwa mara na nyumbani hakuna mtu. Ukiamua kulitengeneza, mwambie fundi wa kuchomelea alijenge ndani ya ukuta wa fensi, mdomo ukitazama nje na mlango wa kutolea uwe upande wa ndani ya uwanja. Masanduku mengi niliyoyaona yananing'inizwa kwenye geti kwa boliti mbili. Mtu mwenye spana anaondoka na sanduku zima zima. Ndani, chini ya mdomo, achomelee bati lililoinama kuelekea chini, ili kifurushi kiteleze kikishaingia na mkono wa mtu usifike kilipoangukia. Juu ya mdomo aweke ukingo, la sivyo masika itakuharibia kila kitu. Vitu vya thamani usivitumbukize humo hata kidogo. Simu, kompyuta mpakato na vyeti vinapokelewa na mkono wa mtu mwenye jina.

Mkono huo kwa nyumba nyingi ni wa dada wa kazi, na tafadhali usimgombeze kwa yaliyotokea. Alifanya alichofundishwa: kumtii anayetumwa na mama mwenye nyumba. Mpe sheria moja isiyo na maelezo mengi: hakuna kitu kinachotoka ndani ya nyumba hii mpaka nimekupigia mimi, kwa namba yangu, na nikakutajia neno letu. Neno liwe la kawaida, mlijue nyinyi tu, na mlibadilishe kila mnapohisi limesikika. Mtu akimpa simu, "Ongea na bosi wako huyu hapa," asiipokee. Simu hiyo ni ya mwenzake. Umwambie pia kwamba akimkatalia mtu na ikaja kujulikana kuwa kweli alitumwa, hutamkasirikia. Bila ahadi hiyo ataogopa, na hofu yake ndiyo mlango wa mwizi.

Kwa bodaboda tumia mbinu hiyo hiyo, ila kwa tarakimu. Muuzaji asimalizie nauli mpaka wewe mpokeaji umempa dereva tarakimu nne mlizokubaliana na dereva amemsomea muuzaji. Na acha kumwelekeza kwa mwembe na duka la mangi. Dereva aliyepotea anasimama kijiweni na kuuliza kwa sauti, "Kwa mama anayeuza vitenge ni wapi?" Yeyote anaweza kujibu, "Mimi mdogo wake, nipe nimpelekee." Nyumba nyingi za mjini zilipewa namba na barabara zikapewa majina kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti. Tumia jina la barabara na namba ya nyumba, au mtumie eneo lako kwenye ramani ya simu.

Mzigo wa basi una ugonjwa wake. Angalia kifurushi kilichoshushwa pale Mbezi, Kituo cha Mabasi cha Magufuli: jina la mpokeaji na namba yake nzima ya simu vimeandikwa kwa maka peni, herufi kubwa, na vimelala sakafuni mbele ya kila anayepita. Aliyeuchukua mzigo wa jirani yako hakuhitaji uchawi, alisoma tu. Mtumaji aandike nje jina moja na tarakimu nne za mwisho. Namba kamili ibaki kwenye stakabadhi ya ofisi. Apige picha stakabadhi akutumie wewe peke yako, na amwambie karani mbele ya macho yake kwamba mzigo utolewe kwa mwenye stakabadhi na kitambulisho. Ofisi iliyotoa mzigo kwa mtu asiye na vyote viwili ina maswali ya kujibu, na jirani yako ana haki ya kudai kuoneshwa daftari la kutolea: nani kasaini, saa ngapi. Daftari hilo ni ushahidi. Aende na RB aombe lihifadhiwe kabla halijajaa na kutupwa.

Kwa barua zenyewe nitasema machache. Kama unatumia S.L.P. ya kazini, ya shule au ya kanisa, jua kwamba hujui funguo zake ziko ngapi. Kadi ya benki ifuate tawini. Vyeti vitumwe kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, ili vipokelewe kwa saini. Na barua au kifurushi kikiibwa kikiwa mikononi mwa posta, kituoni kitaje hivyo, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ina kifungu chake cha wizi wa vitu vya posta, cha 267.

Kamera nunueni mkiweza, lakini ifungwe usawa wa uso, karibu na kengele. Kamera iliyo juu ya paa inapiga picha za helmeti. Saa yake irekebishwe, na tukio likitokea nakili picha siku hiyo hiyo, kwani kamera nyingi hufuta za zamani zikijaa.

Na hapa nakusihi, mama, wewe na majirani wote. Msisambaze sura ya mtu kwenye makundi ya WhatsApp mkiandika "mwizi huyu." Jijini kwetu neno hilo linaua. Watu wamepigwa na kuchomwa moto na wananchi wenye hasira, na baadhi yao hawakuwa na hatia, walifanana tu na aliyetafutwa. Dereva aliyeleta mzigo halali kwa jirani anaweza kuwa ndiye aliyeonekana kwenye picha yako. Zaidi ya hapo, tangu 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na aliyechafuliwa anaweza kukufuata. Picha ipelekeni kwa mpelelezi na mkaguzi wa kata.

Boksi lako bado lina nafasi ya kupatikana. Kesho nenda kituoni na dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona, na maelezo yake yaandikwe akiwa bado anakumbuka sura, lafudhi na nguo. Beba orodha ya vyombo na risiti za Kariakoo. Kisha waandikie wateja wako: kuna bidhaa zangu zimeibwa, mkiuziwa kwa bei ya kutupa nijulisheni. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa chini ya kifungu cha 311, na wauzaji wenzako wakilijua hilo huwa wepesi kukupigia. Mteja aliyekuwa akilisubiri boksi mpe namba ya RB, ajue hukumtapeli.