Kabla Hujaomba Kazi Uhamiaji, Jikague Mwenyewe

Tangazo la ajira za Uhamiaji likitoka tu, simu yangu haipoi. "Kaka, kuna mchongo?" "Shikamoo kaka, nimwone nani?" Hakuna anayeuliza kazi yenyewe ikoje. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Ninayosema ni yangu, si ya idara.

Mimi ni mmoja wa wale wa Uwanja wa Taifa, Juni 2014. Kwa wasiokumbuka: nafasi za Mkaguzi Msaidizi zilikuwa 70, walioitwa kwenye usaili tulizidi 10,000, tukafanyia mtihani kwenye viti vya mashabiki. Niliandikia mapajani, jua la Dar liko utosini. Jirani yangu alikuwa na digrii ya sheria lakini hana kalamu. Sikupata, na nilirudi nyumbani nikiapa kwamba waliopata wote wana wajomba.

Mara ya pili nilifika mpaka kwenye uhakiki wa vyeti, nikaangukia hapo. Cheti cha kuzaliwa kilisema Athumani, cha kidato cha nne kikasema Othman, na kitambulisho cha NIDA kikaongeza jina la babu ambalo halipo kwingine kokote. Mama mtu mzima aliyekuwa mezani alivipanga vyeti vyangu kimoja pembeni ya kingine, akavitazama, kisha akaniuliza bila hasira: "Mwanangu, kati ya hawa watatu, nani anaomba kazi?" Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nilimchukia wiki nzima. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alichokuwa akikifanya ndiyo kazi yenyewe niliyokuwa naiomba, kulinganisha karatasi na mtu aliyesimama mbele yako.

Kwa hiyo leo, kabla tangazo halijatoka, tandaza vyeti vyako kitandani uvisome herufi kwa herufi. Jina, mpangilio wa majina, tarehe ya kuzaliwa. Kama havifanani, nenda kwa wakili uape kiapo cha majina, nenda RITA wanakosajili vizazi, nenda NIDA. Usisubiri tangazo, maana muda wake ni mfupi na foleni ya marekebisho haikujui. Umri nao una kikomo, na masharti mengine hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, si lile alilokutumia shemeji yako la mwaka juzi. Na wewe uliyejichora jina la mchumba mkononi, soma masharti kabla hujakata tiketi ya kwenda kwenye usaili.

Kuhusu "nani wa kumwona": binamu yangu alimwona mtu. Alimpa milioni moja na nusu, fedha za ng'ombe wa baba yake. Akapewa mpaka tarehe ya kuripoti chuoni. Alifika getini na tranka, ndoo na godoro. Kwenye orodha jina halimo, na simu ya yule "afande" haipatikani hadi leo.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanaiona ya uwanja wa ndege: kiyoyozi, watalii, muhuri. Nchi hii ina vituo vya mpakani: ina Kasumulu, ina Kabanga, ina Mutukula, ina bandari ya Kigoma, na huko kote kuna mtu anayesimama zamu usiku. Barua ya kupangiwa kituo haikuulizi kama una mchumba Dar. Anayejua Kifaransa kidogo anapata unafuu kwenye mipaka ya magharibi. Na Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, isome mapema. Ukiambiwa utofautishe kibali cha ukaazi Daraja A cha mwekezaji na Daraja B cha mwajiriwa, usianze kutazama dari.

Paspoti utafundishwa kuisoma. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44 za herufi, tarakimu na vialama. Baadhi ya tarakimu zile ni majibu ya hesabu inayotokana na namba ya paspoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda. Aliyechezea mwaka wa kuzaliwa juu akasahau hesabu ya chini, mashine inamkataa palepale. Hayo yanafundishika. Mtu ndiye mgumu.

Hatimaye kazi niliipata. Nilikuwa Namanga, mpakani na Kenya, bado mgeni kazini, najiona nina jicho kali. Alikuja mama kutoka Arusha, basi la Nairobi linamsubiri nje. Kwenye picha ni mnene, mashavu yamejaa. Aliyesimama kaunta amekonda, mtandio umemshuka mpaka kwenye nyusi. Mashine haikuwa na neno. Mimi nilikuwa nalo. Nikamuuliza maswali, nikayarudia, nikamkalisha kwenye benchi amsubiri mkubwa wangu. Kondakta akaja mara mbili kumwulizia. Mara ya tatu hakuja, basi likaondoka.

Mkubwa wangu alipofika alimsalimia kwanza, "Shikamoo mama," jambo ambalo mimi sikulifanya. Akamwomba asogeze mtandio kidogo, akatazama sikio, akatazama picha. Uso hunenepa na kukonda, sikio halibadiliki sana. Nilifundishwa hilo na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Kisha akaomba ile bahasha aliyokuwa ameishika muda wote. Barua ya hospitali, matibabu ya saratani, miadi ya asubuhi ya kesho yake. Mimi sikuwa nimeiulizia.

Nilimtafutia gari jingine, nikalipa nauli mwenyewe. Alipokuwa anapanda akaniambia, "Usijali mwanangu, hata mimi nikijitazama kwenye kioo siku hizi sijijui."

Jana mpwa wangu wa Morogoro kanitumia picha za vyeti vyake. Kimoja kina Salumu, kingine Salum. Anadai ni herufi moja tu. Nimemtumia nauli, Jumatatu anaanza na RITA.