Re: Naziba chumba cha fanesi besimenti, naombeni ushauri

Mkuu weka nyundo chini. Nimesoma kule besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, unataka kuzungushia ukuta fanesi (mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto) na hita ya maji, uweke mlango mzima, halafu lile bomba la hewa ya nje linaloingiza baridi ulishindilie blanketi, tumbo likanikata. Hayo hayo ndo niliyafanya mimi hapa Minnesota, kasoro blanketi tu, mimi nilitumia kitenge cha mke wangu na hadi leo ananidai.

Kuna fundi, tena mwenzetu, tulikutana msibani. Akaniambia "hilo ni tundu la kupoteza hela, ziba utaona bili itakavyoshuka". Na ilishuka kweli! Fundi wa mdomo huyo, leo ukimpigia eti mtandao unasumbua. Akanijengea kachumba ka futi 8 kwa 10, mlango mzito, safi, picha nikarusha mpaka Tanga. Wiki ya pili kichwa kinaniuma kila asubuhi, nikifika kazini kinaachia, nikasema uchovu, mama watoto akasema bia. Vile vipete vya plastiki juu ya hita vikaanza kuyeyuka, nikaviona kwa macho yangu, nikasema ndo vitu feki hivyo. Halafu usiku mmoja wa Januari draya, mashine ya kukausha nguo, inazunguka na nguo za watoto wanne, feni ya jikoni nayo tumeisahau tangu tukaange samaki, saa nane usiku king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kikalia. Nikakitoa betri. Ndio, nilikitoa betri nikarudi kulala, cheka tu. Mke wangu ndo alitukurupusha wote nje kwenye theluji, mimi na msuli na koti.

Zimamoto wakaja, watu wa gesi wakaja wakafunga gesi na kutundika karatasi nyekundu. Hoteli siku tatu, kubomoa ukuta, kurekebisha, dola 2,300 na zaidi, bili niliyookoa haikufika hata 60. Jamaa wa gesi akanielewesha: moto unakula hewa, na draya na feni zinapuliza hewa nje, sasa nyumba za huku zimebanwa kama chupa ya soda, ukishaziba lile bomba nyumba inaivuta hewa popote inapoipata, na pale palipobaki ni kwenye dohani ya hita. Moshi badala ya kupanda unashuka ndani. Yaani mtu nimekulia kwetu, najua tangu mtoto kwamba jiko la mkaa halilaliwi nalo ndani, nakuja Marekani najenga kabisa chumba cha kulifungia jiko. Sio fanesi, fenesi ni mimi.

Sheria yangu ni moja, HESABU BTU KABLA HUJAKATA UBAO. BTU ndo kipimo cha joto, isome kwenye kibati cha mashine. Umesema fanesi yako 80,000 na hita 40,000, jumla 120,000. Kanuni za ujenzi za gesi za huku kwa hesabu ya kawaida zinataka chumba chenye futi za ujazo 50 kwa kila BTU 1,000, hiyo ni 6,000. Besimenti yako 24 kwa 30, dari futi 7, ni 5,040. Umeona? Hata ukiiacha wazi yote haitoshi, bado hujapiga ukuta! Kwa hiyo bomba la hewa ya nje ni lazima, na saizi yake apige fundi mwenye leseni na pamiti (kibali), sio wa msibani. Na usidanganyike na mlango wa luva, ule wenye vibao vya kupitisha hewa, peke yake, luva za mbao upenyo wake unahesabiwa robo tu, za chuma robo tatu. Kama fanesi yako ni ile inayovuta hewa yake nje kwa bomba la plastiki, hiyo itoe kwenye hesabu, ila hita ya dohani inabaki palepale, wengi wanajikwaa hapo.

Leo kabla hujalala funga madirisha yote, washa draya na feni ya jikoni, fungulia maji ya moto hadi hita iwake, subiri dakika tano, chukua kijiti cha udi ukiweke pale kofia ya hita inapoanzia dohani. Moshi wa udi ukiingia juu, sawa. Ukikurudia usoni zima hita, toa watu nje, piga simu kampuni ya gesi. Halafu njoo hapa uniambie ulielekea wapi.