Bustani isiyolimwa: maswali yenu na majibu yangu

Barua kuhusu bustani isiyolimwa, ile inayofunikwa matandazo ya nyasi badala ya kupigwa jembe, ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Naanza na hilo.

Nimetandaza nyasi kavu kwenye matuta ya mboga, lakini magugu yanaota kama kawaida. Nimekosea wapi?

Hukuandika umetandaza unene gani. Hakuna anayeandika, na jibu lote limelala hapo. Nikikisia, ni vidole vitatu, na hiyo haitoshi hata kidogo. Nyasi kavu zilizotandazwa bila kushindiliwa zifike sentimita 20, kwa sababu zikinyeshewa mara mbili tatu zinalala na kubaki nusu. Mbegu ya gugu ina akiba ndogo ya chakula. Ikiota gizani, akiba inaisha kabla haijafika kwenye mwanga. Ukitandaza kidogo, unaiachia njia.

Kwa hiyo ongeza. Gugu likichomoza, usikimbilie jembe, litupie fumba la nyasi juu yake. Wengi mnatandaza mara moja mkidhani kazi imekwisha, kisha mnalalamika kwamba matandazo “yameisha”. Yameliwa, nanyi ndicho mlichokuwa mkikitafuta! Kila yanapopungua, udongo umekula, na anayekula hupakuliwa tena.

Jingine ambalo hukuuliza: loweka udongo kabla ya kutandaza. Matandazo mazito juu ya ardhi kavu yanaifungia ukavu wake, na manyunyu hayapenyi. Ingiza kidole hadi kwenye udongo wenyewe. Usidanganyike na unyevu wa juu.

Msimu ukiisha, si nilime kidogo tu udongo upate hewa?

Hapana. Kata mmea usawa wa ardhi, mizizi iache ioze humo humo. Hewa na maji vitapita kwenye matundu itakayoyaacha.

Ruhusa ninayoitoa ni moja: ardhi iliyokanyagwa miaka mingi ikawa kama sakafu. Hiyo, kabla ya kutandaza mara ya kwanza, chomeka uma wa bustani, utikise, uchomoe, usogee nyuma. Usipindue. Baada ya hapo mguu wa mtu usikanyage tuta tena. Tuta la upana wa sentimita 120 unalifikia katikati ukiwa umesimama pembeni, upande huu na ule.

Majani ya mboga zangu yamekuwa ya njano. Tatizo ni nini?

Mboga gani? Yalianza majani ya chini au ya juu? Umetandaza kitu gani? Nimeomba mara nyingi mniandikie mambo haya matatu, maana bila hayo napiga ramli.

Najibu kwa kisa ninachokutana nacho zaidi: njano inaanzia majani ya chini, na mwenye bustani amechanganya vumbi la mbao na udongo. Vumbi la mbao lina kaboni mara mia kadhaa ya nitrojeni yake. Vijidudu vinavyoliozesha vinahitaji nitrojeni, visipoipata humo vinaichukua kwenye udongo, na mmea unalala njaa. Likibaki juu, mvutano huo unaishia pale linapogusana na ardhi. Likifukiwa, linazunguka mizizi yote. Matandazo ni kitu cha kutandazwa. Asiyechanganya hapati shida hii. Kwako sasa, tandaza mboji iliyoiva, au mwagilia mkojo uliozimuliwa kwa maji, sehemu 1 kwa 10, kwenye udongo na si kwenye majani, kisha vuta subira.

Shikamoo mwalimu. Karoti zangu haziwezi kutoka kwenye matandazo. Niache kupanda karoti?

Marahaba, na usiache. Mbegu ndogo haina nguvu ya kusukuma sentimita 10 za nyasi. Fungua mfereji wa upana wa kiganja mpaka uone udongo, mwaga mboji laini, sia, mwagilia. Miche ikifika kimo cha kidole, rudisha nyasi taratibu pande zote mbili.

Viazi ni kinyume chake: viweke juu ya udongo, uvifunike kwa sentimita 20 hadi 30. Ila kagueni. Kiazi kilichoona mwanga kinageuka kijani na kujenga sumu, hicho hakiliwi.

Nimefunua matandazo nikakuta nyuzi nyeupe kila mahali. Nipige dawa gani?

Tafadhali, usipige chochote. Rudi asubuhi, piga magoti, funua sehemu ya ukubwa wa sahani. Juu kabisa nyasi bado ni nyasi. Chini kidogo zimekuwa kahawia, laini, zimeshikana kwa nyuzi hizo. Chini zaidi huwezi tena kusema nyasi zinaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Utaona matundu ya nyungunyungu, na kando yake vinyesi vyao kama punje ndogo za udongo. Inua kiganja unuse: harufu ni ya ardhi iliyonyeshewa. Nyuzi hizo ni kuvu wanaoozesha nyasi, na wewe unataka kuwaua! Kinachopaswa kukutia hofu ni uvundo na utelezi. Huo unatokana na majani mabichi yaliyorundikwa kwa wingi yakakosa hewa. Majani mabichi yatandazwe sentimita 2 au 3 kwa mara moja, yanyauke, ndipo uongeze.

Konokono wanamaliza miche.

Ondoa matandazo kuzunguka mche, nafasi ya kiganja, mpaka shina likomae. Mwagilia asubuhi, si jioni. Laza kipande cha ubao kwenye tuta. Kila kukicha kigeuze uwaokote konokono na koa waliojificha chini yake.

Naweza kutumia zulia kuukuu badala ya nyasi?

Hapana. Nyuzi za plastiki hazitatoka bustanini mwako maishani.

Samadi ya bure ni salama?

Swali hili nilitaka liulizwe. Zipo dawa za kuua magugu, aminopairalidi na klopairalidi, zinazopigwa malishoni kuua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Ng'ombe akila nyasi hizo, dawa inapita tumboni mwake bila kuharibika, inatoka na kinyesi, na inaweza kubaki hata baada ya samadi kuozeshwa. Mimi niliwahi kuuziwa nyasi kavu, safi machoni, na muuzaji akaniapia kwamba hazijapigwa kitu. Wiki chache baadaye majani machanga ya nyanya yalijikunja kama vijiko, maharage yakadumaa. Nilibeba kila kitu nje, na msimu ukawa umepotea.

Usimwamini mtu kwa kiapo. Chukua vyungu sita: vitatu vya udongo wako mtupu, vitatu vya udongo huo uliochanganywa na samadi au uliofunikwa kwa nyasi unazozitilia shaka. Panda maharage, ngoja wiki tatu. Majani yakijikunja kwenye vyungu vya samadi au nyasi tu, jibu unalo.

Ndago zimetoboa hadi maboksi niliyoyalaza chini ya nyasi. Nikubali kulima?

Ndago ni gugu lenye viazi vidogo ardhini. Ukilima unazikatia vikonyo na kuzigawa, na kila kiazi kinakuwa mmea wake. Laza maboksi tabaka mbili, ukingo mmoja ulalie mwingine kwa sentimita 15, uondoe gundi za plastiki na misumari midogo. Kila wiki pita ukinyofoa kila chipukizi kabla halijafikisha majani matano, ili kiazi kitumie akiba yake bila kuirudisha. Itakuchukua zaidi ya msimu mmoja, na wiki utakayoruka ndago zitaitumia.