Shahada ya Mtandaoni Bila Kuacha Kazi

Wengi wakisikia kwamba shahada yangu niliisomea mtandaoni, swali lao la kwanza huwa ni kama waajiri wanaitambua. Nitalijibu. Ila faida iliyonisaidia zaidi haimo kwenye cheti: nilisoma nikiwa kazini, na nilichojifunza usiku mara nyingi nilikitumia kesho yake asubuhi.

Nilikuwa karani wa hesabu nilipojiunga na shahada ya uhasibu. Wiki tuliyofundishwa uchakavu wa mali, daftari la mali za ofisi lilikuwa mezani kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini meza hupunguziwa thamani kiasi kilekile kila mwaka, ilhali gari hupunguziwa kwa asilimia ya thamani iliyobaki, likashuka sana mwaka wa kwanza na kidogo miaka ya mbele. Mwenye kusoma darasani hupewa kampuni ya kubuni. Mimi nilikuwa na kampuni yenyewe, tena na mkuu wa idara wa kumuuliza. Kwa mtu ambaye tayari ana kazi, sioni sababu ya kuiacha akakae darasani, labda kama fani yake inamlazimu.

Tena kuna mihadhara iliyorekodiwa. Darasani mwalimu akishapita amepita, na kunyoosha mkono mara ya tatu ni aibu. Kwenye rekodi unamsimamisha, unamrudisha nyuma, unachukua kalamu na kulikokotoa swali mwenyewe kabla hujamruhusu aendelee. Somo la takwimu nililimudu kwa njia hiyo. Ushauri wangu: usisikilize mhadhara wote kwa mkupuo kama redio. Simama kila hoja inapoisha, funga kitabu, uandike ulichoelewa kwa maneno yako.

Faida nyingine haisemwi sana. Majadiliano mengi ya mtandaoni ni ya maandishi, kwa hiyo mkimya naye anasikika. Unapata muda wa kupanga hoja, na usipokuwa na hoja kila mtu anaona. Baada ya mihula michache hata barua pepe zangu za kazini zilikuwa fupi na zenye mpangilio.

Sasa kuhusu kutambuliwa. Kusoma ukiwa mbali si jambo la jana. University of London ilifungua mitihani yake kwa wasiohudhuria masomo London tangu 1858. Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania 1992. Nelson Mandela alimaliza shahada ya sheria ya UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa, mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Kinachotazamwa ni chuo kina ithibati, yaani kibali rasmi cha ubora wa elimu yake, au hakina. Na hilo usiwaulize wauzaji wa kozi. Litafute kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia elimu ya juu katika nchi chuo kiliposajiliwa, kisha uhakikishe kwamba nchi unayotaka kufanya kazi inaitambua shahada hiyo. Kama fani yako ina bodi ya taaluma, waandikie bodi kabla hujalipa hata senti. Uuguzi, kwa mfano, hauwezi kumalizwa kwenye skrini. Sehemu ya vitendo lazima uifanye hospitalini. Na chuo kikikuahidi shahada ndani ya wiki chache kwa kuangalia "uzoefu wako wa maisha", hicho kinauza karatasi.

Gharama nazo zichunguzwe kwa makini. Ada yenyewe si lazima iwe ndogo. Unachookoa hasa ni nauli, pango la chumba na mshahara ambao ungeukosa. Upande wa pili weka intaneti, kompyuta na ada ya mitihani, ambayo vyuo vingine hutoza kando.

Muda ndio mtihani mkubwa. Uliza mapema kama vipindi ni vya moja kwa moja, kwa saa maalumu, au unajipangia. Ukiwa unafanya kazi kwa zamu, hilo linaamua kila kitu. Watangazie wa nyumbani saa zako za kusoma, maana aliye nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi! Na kazi zako ziwasilishe siku moja kabla, kwa sababu saa ya mwisho ndiyo kila mtu anapakia na mfumo unakwama.

Kabla ya kujisajili, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyohiyo. Muulize mambo mawili tu: kazi iliyosahihishwa hurudi baada ya siku ngapi, na ukikwama saa nne usiku nani hukujibu. Majibu yake yatakufaa kuliko kipeperushi chochote cha chuo.