Mwulize Mtoto Kinachojirudia Kabla ya Kinachofuata

Mama mmoja ameniandikia kwamba mwanawe wa miaka minne hubahatisha kila anapoulizwa ni rangi gani inayofuata katika mstari wa vifungo, naye ameanza kuhofu kuwa mtoto hataziweza hesabu. Namwelewa vizuri, kwa sababu mwanangu alipokuwa na umri huohuo, mwalimu wake aliniambia mbele ya wazazi wengine kuwa ni mzito wa kuelewa, na kauli hiyo haijanitoka moyoni hadi leo.

Niliweka kando vitabu vya mazoezi, tukahamia kwenye kamba ya nguo. Nilipanga vibanio viwili vyekundu na kimoja cha njano, nikaurudia mpangilio huo mara tatu, kwa maana ukionyeshwa mara moja tu hakuna kinachojirudia na mtoto hana budi kubahatisha. Nilipompa vibanio aendeleze, aliweka chekundu, njano, chekundu, njano, kama wafanyavyo watoto wengi, kwani kupishanisha vitu viwili ndiko kwepesi zaidi. Sikumsahihisha. Tuligusa kibanio kimoja kimoja tukitaja rangi kwa sauti, tukinyamaza kidogo kila baada ya cha njano, kisha nikamwomba anionyeshe kipande kinachojirudia. Akatia kidole pale tulipokuwa tukinyamaza, akasema, "Hapa inaanza tena."

Baadaye tuliugeuza mpangilio uleule kuwa makofi mawili na kishindo kimoja cha mguu, na nawasihi wazazi wenzangu msiiruke hatua hii, kwa kuwa mtoto anayeweza kuutoa mpangilio kwenye rangi na kuupeleka kwenye sauti ameshika kanuni yenyewe.

Juzi mwanangu huyo, ambaye sasa yuko darasa la pili, alikuwa akihesabu tano tano akagundua mwenyewe kwamba tarakimu ya mwisho ni 5, kisha 0, kisha 5 tena. Nilijivunia mno, wala sioni sababu ya kuficha.

Basi, wazazi, tumieni vigae vya sakafuni, mistari ya shati, siku za juma. Ondoeni kitu kimoja katikati ya mpangilio, mtoto atafute kilichokosekana. Mwacheni naye atunge wake, ninyi mwendeleze. Minara inayokua, ya tofali 1, kisha 2, kisha 3, isubiri kidogo, kwa sababu humo mtoto hufuatilia kinachoongezeka, na hilo ni gumu zaidi kwake. Na akisita, msimtajie jibu. Mrudisheni mwanzo wa mstari, aguse na kutaja upya.