Maswali ya wasomaji: Mfumuko wa bei umeshuka, mbona bei zipo palepale?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naomba unieleweshe, kila nikisikiliza habari za biashara wanasema mfumuko wa bei umeshuka, mara umeshuka tena, ila nikienda kununua vitu naona bei ni zilezile na vingine ndo kwanza vinazidi kupanda. Hapa nani anadanganya?

JIBU: Hakuna anayedanganya ndugu yangu, ila habari inatolewa nusu, na hilo linaniudhi kweli maana anayeumia ni yule aliyesikia "umeshuka" akapanga bajeti yake akitegemea nafuu. Mfumuko wa bei ni spidi ya bei kupanda, sio bei yenyewe. Gari lililokuwa linakimbia 120 likipunguza hadi 40 bado linakwenda mbele, halijarudi lilikotoka.

Angalia Marekani. Juni 2022 mfumuko wa mwaka mzima ulifika asilimia 9.1, ilikuwa miaka 40 hivi hawajaona kitu kama hicho, halafu Juni 2023 ukawa asilimia 3.0 na watu wakapumua. Sasa piga hesabu mwenyewe: bidhaa za 100 mwezi Juni 2021 zilifika 109 na pointi baada ya mwaka, kisha ile asilimia 3 ikapanda juu ya hiyo 109, sio juu ya 100 ya zamani, kwa hiyo ukafika 112 na pointi. Mfumuko umeshuka sana, na mnunuzi analipa zaidi kuliko mwaka uliopita. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Na usisubiri wenye benki kuu wazirudishe bei zilikokuwa, hiyo hata sio kazi waliyojipa. Benki kuu ya Marekani na ile ya Ulaya zote zinalenga bei zipande taratibu, asilimia 2 kwa mwaka. Bei za vitu vyote zikianza kushuka kwa pamoja wachumi wanaogopa, watu wanaahirisha kununua wakisubiri zishuke zaidi, kampuni zinakosa mauzo, mishahara inakwama, Japani iliishi na hali ya namna hiyo kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukimsikia mtangazaji ni moja tu: kipato changu kimepanda kuliko bei au la? Halafu kumbuka ile asilimia inayotangazwa ni wastani. Mtu ambaye hela yake karibu yote inaishia kwenye chakula na kodi ya nyumba, mfumuko wake yeye unaweza kuwa mkubwa kuliko unaotangazwa, na akilalamika ana haki kabisa, asiambiwe hajui uchumi.

SWALI: Mhariri, ivi ni macho yangu au pakiti zinapungua? Bei ileile, boksi lilelile, ila ukifungua ndani unakuta hewa.

JIBU: Macho yako yapo sawa. Mwaka 2016 huko Uingereza chokoleti ya Toblerone ya gramu 400 ilipunguzwa ikawa gramu 360, wakaongeza nafasi kati ya zile pembe tatu zake, na wateja wakaona mara moja maana umbo lenyewe lilibadilika. Nyingi hazionekani hivo. Mtengenezaji anajua kwamba bei tunaikariri ila gramu hatuzikariri, gharama zikimpanda anakata pale tusipotazama.

Kupunguza sio kosa kama uzito umeandikwa sawasawa. Ila kwangu mimi kukaa kimya ndo ubaya wenyewe, na Ufaransa naona wamefanya jambo la maana: toka Julai 1, 2024 maduka makubwa ya kujihudumia yenye zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopungua ujazo bila bei kupungua, na likae miezi miwili. Wewe kama huna sheria hiyo, gawa bei kwa gramu au kwa lita kabla hujachagua, simu yako ina kikokotoo. Na usidhani pakiti kubwa lazima iwe nafuu, mara nyingine sio.

SWALI: Shikamoo. Nikiona "ofa nusu bei" siwezi kujizuia, nanunua hata nisichohitaji. Ofa hizi ni za kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyingine za kweli kabisa, mzigo umekaa wanataka kuutoa. Nyingine bei ilipandishwa kwanza ndo ikakatwa, na mchezo huo ulizoeleka mpaka Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni, imeanza kutumika 2022, kwamba duka likitangaza punguzo lazima lionyeshe bei ya chini kabisa iliyotumika ndani ya siku 30 kabla yake.

Na hayo ya kushindwa kujizuia hauko peke yako hata kidogo. Mwaka 2012 kampuni ya maduka ya JCPenney kule Marekani iliamua kuachana na kuponi na mapunguzo ya kila mara, ikaweka bei za chini za kudumu, bei ya uwazi tu. Wateja wakakimbia, mauzo ya mwaka huo yakaanguka kwa karibu robo, na mkuu wa kampuni akaondoka Aprili 2013. Yaani watu walikuwa wanapenda ile hisia ya kuokoa kuliko bei yenyewe, na wauzaji wote walijifunza kwa tukio lile. Kwa hiyo bei ya zamani iliyokatwa mstari ifunike na kidole, halafu jiulize kama ungenunua kwa hiyo iliyobaki bila kuiona ile nyingine.

SWALI: Programu inasema mwezi wa kwanza bure ila inataka namba ya kadi. Nijaze?

JIBU: Jaza kama utaitumia, ila kwanza tafuta pa kujitoa papo wapi. Kama kujiunga ni kubonyeza mara moja na kujitoa mpaka upige simu, achana nayo. Kadi wanaiomba kwa sababu wanajua wengi watasahau, na usitegemee kukumbushwa kabla hujakatwa hela ya mwezi wa pili.